Mawe ya Central Park hayakuletwa na mtu

Mhariri,

Salamu, na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba sana msiipunguze maana nimeiandika usiku tatu mfululizo baada ya kutoka kazini na kila nikiisoma naona kuna kitu bado sijakisema.

Wiki mbili zilizopita mlitoa makala ya safari kuhusu New York. Makala nzuri, na mimi gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila nikipanda treni, lakini mwandishi alipofika Central Park akaandika kwamba bustani ile nzima ni kazi ya mikono ya watu, ziwa la kuchimbwa, miti ya kupandwa, hata yale mawe makubwa meusi eti yalisombwa yakapangwa pale ili pawe na mvuto. La ziwa ni kweli. La miti kwa sehemu kubwa ni kweli pia, na hata udongo mwingi wa juu ulitolewa ng'ambo, New Jersey, kwa sababu wa pale haukufaa. Ila mawe hapana jamani. Ile miamba hakuna mtu aliyeileta, na kilichoichonga ikawa vile ni barafu, barafu nene kupita ghorofa lolote mnaloliona hapo Dar es Salaam, na kwangu mimi hiyo ndo habari tamu kuliko zote za bustani ile lakini ndo iliyoachwa.

Mimi nalea mtoto wa watu huku Manhattan, kisiwa ilipo bustani hiyo, mwaka wa 7 huu. Saa nne asubuhi kama hakuna mvua tunakuwa Central Park upande wa kusini, kwenye uwanja wa watoto unaoitwa Heckscher, na pembeni ya uwanja huo kuna mwamba mmoja mkubwa umetokeza ardhini kama mgongo wa kiboko, jina lake Umpire Rock, yaani mwamba wa refa, kwa sababu umekaa unatazama viwanja vya besiboli. Sisi mayaya wote tunaujua maana watoto hawataki kitu kingine, ni kupanda na kuteleza kwenye ule mwamba mpaka suruali zinatoboka magotini. Miaka 2 ya kwanza nilikuwa nakaa juu yake, nakula chakula changu, nasoma meseji za nyumbani, sijui nimekalia nini.

Siku moja mtoto akaniuliza nani alikwaruza hapa. Nikatazama. Kumbe mwamba wote una michirizi, mingine myembamba kama umepitisha msumari, mingine ni mifereji kabisa unaweza kumlaza mtoto ndani, na yote imelala upande mmoja, haipishani. Nikamwambia labda ni mashine za waliojenga bustani. Palikuwa na mzee mmoja mfanyakazi wa bustani anaokota takataka karibu, akatusikia, akaja akafungua chupa yake ya maji akamimina juu ya mwamba. Maji yakaingia kwenye mfereji yakashuka nao moja kwa moja kama mfongo. (Kwa wasomaji wasio wa Kilimanjaro, mfongo ni ule mfereji wa kuleta maji kihambani, kwetu Marangu umechimbwa na mababu.) Akamshika mtoto mkono, akampitisha vidole ndani ya mfereji kwenda na kurudi, akasema hapa palipita barafu. Akaondoka na gunia lake. Mimi sikulala vizuri siku ile, nikaanza kutafuta, nikaenda maktaba, nikaenda kwenye zile matembezi za bure wanazotembeza watu kueleza mawe, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kushika mawe kila ninapopita.

Sasa niwaeleze kama nilivyoelewa mimi, na nitaanzia kwenye mwamba wenyewe kabla ya barafu.

Mwamba ule wanauita schist ya Manhattan, na una umri wa miaka kama milioni 450. Mjue Kilimanjaro yetu tunayoiona ni ya kale haijafika hata milioni 3. Ulianza kama tope na mchanga chini ya bahari, halafu nchi zikasukumana, tope likafukiwa chini sana likabanwa likaokwa na joto mpaka likawa jiwe gumu lenye matabaka, na ndani yake mna ulanga mwingi, ule ule ulanga unaochimbwa kule Morogoro, ndo maana jua likipiga mwamba unametameta kama umemwagiwa vipande vya kioo. Ukiinama vizuri utaona na vidonge vyekundu vya garneti vimekaa humo kama punje za ulezi. Hapo zamani juu yake palikuwa na milima mirefu, ikaliwa na mvua na upepo kwa mamilioni ya miaka, kilichobaki ni mizizi tu ya hiyo milima. Tunakalia mizizi.

Halafu ndo ikaja barafu. Na si mara moja, ilikuja na kurudi mara kadhaa katika miaka milioni 2 na zaidi iliyopita, ila ya mwisho ndo iliyoacha alama tunazoziona leo. Kule Kanada theluji ilikuwa inaanguka msimu wa baridi, ukija wa joto haiyeyuki yote, mwaka unaofuata inaanguka juu ya ile ya zamani, hivyo hivyo maelfu ya miaka, ya chini inabanwa na uzito inakuwa barafu, na barafu ikishakuwa nene sana haikai tena mahali pamoja, inaanza kujimwaga pembeni taratibu kama uji mzito uliomwaga juu ya meza. Kule katikati, Kanada, unene ulifika kilomita 3 hivi. Ukingo wake ndo ukatambaa kusini mpaka hapa, na miaka 20,000 na kitu iliyopita Manhattan nzima ilikuwa chini ya barafu ambayo inakadiriwa ilizidi mita 300 kwenda juu. Simama pale Heckscher utazame yale maghorofa ya kusini mwa bustani, halafu ujaze barafu katikati yake. Mimi huwa nafanya hivyo mtoto akiwa anabembea.

Lakini barafu peke yake haichori jiwe, hili lilinichanganya mwanzoni. Barafu ni laini kuliko mwamba. Kilichochora ni mawe na mchanga iliyokuwa imevishika kwa chini, ilivikamata njiani ikawa inavikokota, kwa hiyo ule upande wa chini wa barafu ulikuwa kama msasa, tena msasa wenye uzito wa mita 300 za barafu umeukandamiza. Punje ndogo zilisugua mwamba mpaka ukalainika ukang'aa, kokoto zikaacha michirizi, na mawe makubwa na maji ya chini kwa chini yakachimba ile mifereji mipana. Kila mchirizi ni jiwe moja lililopita hapo. Nikimwambia mtoto hivyo anaanza kuhesabu mawe.

Na ukitaka kujua barafu ilitokea wapi huhitaji kitabu, uzungukie tu Umpire Rock. Upande wa kaskazini mwamba unapanda pole pole, mlaini, mtoto wa miaka 3 anapanda bila kushikwa. Upande wa kusini umekatika ghafla, ukuta wenye kona na mapengo, mpaka vijana wanaojifunza kupanda miamba wanafanyia mazoezi hapo kila jioni na unga mweupe mikononi. Mwamba mmoja sura mbili. Sababu ni kwamba barafu ikija inaupanda mwamba inausugua, na kule inakobanwa chini yake inayeyuka kidogo, yale maji yanavuka upande wa pili, yanaingia kwenye nyufa, yanaganda tena yanashikana na jiwe, barafu ikiendelea na safari inang'oa vipande inaondoka navyo. Inasugua huku, inang'oa kule. Ukishaujua huo umbo, utauona kwenye mwamba baada ya mwamba humo bustanini, yote imelala vile vile kama kundi la ng'ombe waliogeuza migongo upande mmoja kwenye mvua.

Michirizi inatoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki. Shikeni hilo maana ndo linaloniletea kile ninachokipenda kuliko vyote.

Juu ya baadhi ya miamba ile kuna mawe mengine yamekaa tu, makubwa, yamejitenga, ya duara duara, kama mtu kayaweka jana akasahau kuyachukua. Hayo ndo nadhani mwandishi wenu aliyaona akafikiri yamepangwa. Mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Sasa yapo ambayo ukiyatazama kwa karibu hayafanani kabisa na mwamba yaliyoukalia. Mwamba wa chini una matabaka na ulanga unaometa, hili la juu ni jeusi, limeshikana punje kwa punje, halina tabaka, halimeti. Si la hapa. Huko kulikotokea michirizi, kaskazini magharibi, ukivuka mto Hudson, unakuta ule ukuta mrefu wa mawe meusi unaoitwa Palisades upande wa New Jersey, ni mawe ya moto yaliyoganda chini ya ardhi miaka kama milioni 200 iliyopita, na ni jiwe lile lile. Barafu iliking'oa kipande kule, ikakibeba, ikakivusha kwenye bonde la mto mkubwa, ikakipandisha Manhattan, na ilipoyeyuka ikakiachia pale ilipofika. Michirizi inaonyesha njia na jiwe linaonyesha kwao. Mtu alipofariki porini wanyumbani hufuata nyayo mpaka wajue alitokea wapi, hili nalo ni hivyo, nyayo zipo na hazijafutika miaka 20,000.

Kuna jiwe moja kubwa humo ambalo kweli lililetwa na watu na mwandishi wenu hakulitaja, ule mnara wa Misri uliosimamishwa 1881, wanauita Sindano ya Cleopatra, una tani kama 200 na umri wa miaka zaidi ya 3,400. Ulitoka kwetu Afrika kwa meli, na kuutoa mtoni mpaka bustanini iliwachukua miezi kuukokota hatua kwa hatua. Nikiuona nawaza jinsi barafu ilivyokuwa inavusha mawe kila siku bila kelele.

Sasa hao watu wawili waliochora bustani, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, ramani yao ilishinda 1858. Hawa nawaheshimu sana na sitaki msomaji afikiri nawapunguzia. Lakini kazi yao kubwa haikuwa kuleta mawe, ilikuwa kuamua yapi yabaki. Eneo lilikuwa la miamba na vinamasi, na hiyo ni moja ya sababu kubwa lilipatikana, kujenga nyumba juu yake ilikuwa gharama. Wakapasua baadhi ya miamba kwa baruti, hasa kupitisha zile barabara 4 zinazokatiza bustani kwa chini ili magari yasionekane, wakafukia udongo sehemu, wakajaza maji mabonde ya chini chini yakawa maziwa. Na miamba mizuri wakaiacha wazi, mingine wakaizungushia njia ili mtu akikata kona akutane nayo. Nina hakika wangetaka kuifunika yote wangeweza, udongo walikuwa nao. Hawakufanya hivyo.

Na nikitaja waliokuwepo siwezi kuwaruka watu wa Seneca Village. Upande wa magharibi wa bustani, kati ya mtaa wa 82 na wa 89, kulikuwa na kijiji ambacho wakazi wengi ni Waamerika Weusi, walianza kununua viwanja pale mwaka 1825, wakajenga nyumba, makanisa, shule, na 1855 walihesabiwa watu kama 225. Mwaka 1857 serikali ikawaondoa wote kupisha bustani. Hapo hapo ndo pana Summit Rock, mwamba ulio juu kuliko sehemu zote za Central Park, nao umesuguliwa na barafu ile ile, na watoto wa Seneca Village lazima walikuwa wanauteleza kama hawa wangu. Mtu akiniambia bustani imetengenezwa kuanzia sifuri mimi naona anafuta barafu na anafuta hao watu pia kwa mara moja. Hapakuwa sifuri.

Hii bustani moja tu. Kama mtakuja kutuma mwandishi tena mwambieni avuke daraja aende Brooklyn, maana kule ndo utaona barafu ilipoishia. Ile barafu ilipofika pale ikawa inayeyuka kwa mbele kwa kasi ile ile inayosukumwa kutoka nyuma, kwa hiyo ukingo ukasimama mahali pamoja muda mrefu, lakini ndani bado inasafiri, bado inaleta udongo na mawe inavimwaga pale pale, kama mkanda wa kiwandani. Likarundikana tuta. Tuta hilo linaanzia Staten Island linakatiza Brooklyn na Queens linaendelea Long Island, na watu wanaishi juu yake bila kujua ni nini. Sikilizeni tu majina ya mitaa: Bay Ridge, Park Slope, Crown Heights. Tuta, mteremko, mwinuko. Makaburi ya Green-Wood yako juu ya tuta, na mle ndo pana kilima kirefu kuliko vyote vya asili Brooklyn. Prospect Park, ya hao hao Olmsted na Vaux, iliyofunguliwa 1867, imekaa hapo hapo, ukitembea unapanda unashuka, kuna mashimo ya duara ambayo ni sehemu bonge la barafu lilifukiwa na udongo halafu likayeyuka ardhi ikatitia. Kusini ya tuta ni tambarare tupu mpaka baharini, hiyo ni kokoto na mchanga uliosukumwa na maji ya barafu inayoyeyuka, na mtaa wa hapo unaitwa Flatbush. Mwaka 1776 Agosti, kwenye vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la Jenerali George Washington lilijipanga juu ya lile tuta kuwazuia Waingereza, wakalinda mapengo yake, pengo moja la mbali la Jamaica wakaliacha bila walinzi wa maana, Waingereza wakazunguka usiku wakapita hapo wakawatokea nyuma. Vita nzima ilienda na umbo la udongo ulioachwa na barafu. Siku za Jumapili nikitoka kanisani napandia mteremko wa Park Slope kwa miguu na magoti yananiambia niko wapi.

Nisiwachoshe. Niseme kwa nini limeniuma kiasi cha kukaa usiku tatu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mgumu, yaani mpagazi, alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi. Akirudi anakaa jikoni anakausha viatu karibu na moto anamwambia mama, barafu imerudi nyuma tena. Anaonyesha kwa mkono, zamani ilikuwa inafika hapa, sasa iko hapa. Sisi watoto tulikuwa tunasikia tu kama habari za mtu aliyehama mtaa. Sasa najua alikuwa anaona kwa macho kile kilichopimwa: mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa karibu kilomita za mraba 12, mwaka 2011 haikufika hata 2. Hans Meyer alipofika kileleni 1889 ilibidi akate ngazi kwenye barafu kwa shoka, leo watu wanafika Uhuru kwa kutembea kwenye vumbi na kokoto. Na UNESCO ilitoa taarifa 2022 kwamba barafu za Kilimanjaro, Mlima Kenya na za Rwenzori mpakani mwa Uganda na Kongo huenda zikawa zimeisha ifikapo 2050. Mtoto ninayemlea atakuwa bado kijana.

Na mmisionari Rebmann alipoandika 1848 kwamba ameona theluji juu ya mlima wetu, huko London kulikuwa na msomi wa jiografia aliyembishia miaka na miaka, haiwezekani theluji iwe karibu na ikweta. Wachaga walikuwa wanaiangalia kila asubuhi.

Hoja yangu ni hii: zile alama za Central Park, kwetu zipo. Mlima Kenya lile bonde la Teleki ni pana kwa chini na kuta zimesimama, umbo la herufi U, bonde la mto wa kawaida haliwi hivyo, hilo limekwanguliwa na barafu iliyokuwa inashuka chini kuliko leo. Kuna matuta ya mawe yaliyorundikwa, kuna vijiziwa vimekaa kwenye vikombe vilivyochimbwa, kuna miamba iliyolainishwa. Kwenye mteremko wa Kibo kuna matuta ya namna hiyo hiyo, chini kabisa ya mahali barafu ilipo sasa. Baba lazima aliyapita mara mia na mzigo kichwani. Wageni wanalipa pesa nyingi wanapita juu yake wanatafuta kilele. Mimi nimesoma Marangu mpaka darasa la 7, mlima unauona dirishani, na mwalimu alitufundisha barafu kutoka kitabuni kwa picha za Uswisi. Simlaumu, naye hakuonyeshwa. Nilisafiri kuvuka bahari, nikaonyeshwa na mzee mwenye gunia la takataka maandishi ambayo yako nyuma ya nyumba yetu.

Halafu gazeti la Kiswahili, linalosomwa na watoto wa Moshi na Nanyuki na Kasese, miji ya chini ya milima hiyo, linaandika kwamba mawe yale ya New York yamepangwa na watu! Hapo ndo roho iliponiuma. Msomaji wa Nanyuki anayeamini hivyo hata akikutana na jiwe limekaa peke yake bondeni juu ya mwamba wa rangi nyingine atasema kuna mtu kaliweka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza mrekebishe, mistari miwili mitatu inatosha, pale pale kwenye ukurasa wa safari. La pili, mna waandishi Moshi na mna waandishi Nanyuki, watumeni wapande na mtu anayejua mawe, wapige picha za michirizi kwa karibu, waweke mkono wa mtu pembeni ili ukubwa uonekane, na waandike kwa lugha hii tunayozungumza. Wapande asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini, maana mchana jua la utosini linaficha michirizi yote huoni kitu, hilo nimejifunza Umpire Rock. Wakikosa jua wamwage maji.

Mimi Desemba nakuja nyumbani kwa Krismasi, Mungu akipenda. Mdogo wangu anapandisha wageni siku hizi, nilipomweleza habari hizi kwa simu akanyamaza kidogo halafu akasema, dada, hilo jiwe laini lenye mistari nalijua, huwa tunapumzika hapo. Tumekubaliana atanipeleka na watoto wake wawili wakubwa. Nikipata picha nzuri nitawatumia, hamna haja ya kunilipa.

Msomaji wenu,
Yaya kutoka Marangu,
New York